Dalingi wa Tingatinga

Asubuhi ya siku ambayo mjomba wake angemkubali Kaimu au kumfukuza moja kwa moja, Sabaha alikwenda kisimani peke yake. Huko akamkuta Kaimu mwenyewe anatokea vichakani, amevaa suruali ndefu iliyopigwa pasi ikakubali, na kichwani kofia ya Kampuni.

Hilo peke yake lilikuwa kosa. Siku ya posa mchumba haonani na binti. Anafika baada ya sala ya adhuhuri akiwa nyuma ya mshenga wake, anakaa mkekani, anangoja kuulizwa. Lakini tangu Kaimu aende Nachingwea kuendesha matingatinga ya kampuni ya karanga, alikuwa na utaratibu wake mwenyewe, na utaratibu huo ulikuwa na majina ya Kizungu.

"Gudi moning, dalingi," alisema.

Sabaha alitua mtungi. Moyo ulimruka, maana moyo hauna adabu, na papo hapo hasira nazo zikampanda.

"Waalaikum salaam," akajibu, ingawa hakuna aliyemtolea salamu hiyo.

Kaimu alicheka kidogo, kisha akaacha. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho ya upole, macho ambayo Sabaha aliyajua kabla hayajajifunza kukonyeza. Zamani, walipokuwa wakikutana kwenye soko la Ruangwa, kila mmoja na mzigo wa ufuta wa mama yake, Kaimu alikuwa akizungumza kama watu wengine. Akiona njaa alisema njaa. Akichoka alisema nimechoka. Siku hizi alikuwa "bizi", na kila ukimwuliza jambo, jambo hilo lilikuwa "olrait".

Neno "olrait" ndilo lililomponza mara ya kwanza. Mjomba Mbaruku alikuwa amemuuliza kwa utaratibu kabisa, mbele ya wazee, kama atakuja kukaa hapa kijijini Matambarale kwa mkewe. Kaimu akajibu, "Olrait." Mjomba akadhani hakusikia vizuri, akarudia. Kaimu akasema, "Ov kosi, mjomba, ila kwa sasa niko veri bizi." Mjomba Mbaruku alimgeukia mshenga akamwuliza taratibu, "Mzee mwenzangu, umeniletea mchumba au umeniletea santuri?"

Watu walicheka, lakini mzee hakucheka. Alisema kijana arudi mara moja zaidi. Akija tena na mdomo wa kuazima, binti atapewa Abdulatifu wa Ruponda. Abdulatifu huyo alikuwa mjane mwenye mikorosho mingi, mtu wa msikitini, mpole, hana kasoro. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake, kwa sababu mtu asiye na kasoro utamkataa kwa lipi?

"Kaimu, nisikilize," Sabaha alisema. "Leo mjomba atakuuliza jambo lile lile. Nakuomba usimjibu kwa Kizungu. Hata neno moja."

"Ai si."

"Usiniambie aisii. Niambie nimesikia."

"Nimesikia."

"Na mimi nakuuliza kabla yake, tuko wawili tu. Utakuja kukaa kwetu, au unataka kunipeleka Nachingwea kwenye yale mabati?"

Kaimu aliinua macho, akayapeleka kwenye matawi, kisha kwenye maji, yakaenda kila mahali isipokuwa usoni pa Sabaha.

"Mambo yako anda kontroli," alisema. "Kuna habari ya transfa, kuna promosheni, mambo ya ofisi. Hivi sasa kila kitu ni tempurari tu."

"Sikukuuliza ofisi inasemaje. Nimekuuliza wewe."

"Dalingi, evrithingi olrait."

Neno hilo dalingi, Sabaha aliwahi kulipenda. Siku Kaimu alipolitamka kwa mara ya kwanza alimwuliza maana yake, naye akamwambia, "Maana yake ni wewe, peke yako." Sabaha alilala na neno hilo, akaamka nalo, akatwanga nalo mahindi. Kisha siku moja yeye na mama yake wakapeleka mihogo mikavu Nachingwea, wakapita kando ya mapori yale yanayong'olewa. Palikuwa na tingatinga limezama kwenye tope, linanguruma, halitoki. Juu yake ameketi Kaimu, anatokwa jasho, analipigapiga ubavuni kwa kiganja na kulibembeleza. "Kamoni, dalingi," alikuwa akisema. "Kamoni, dalingi." Tingatinga likatoka. Sabaha alirudi nyumbani bila kusema neno, na mama yake akadhani ni jua.

"Hajambo lakini?" Sabaha aliuliza sasa.

"Nani?"

"Mke mwenzangu. Tingatinga lako."

Alitegemea Kaimu atacheka. Badala yake uso wa kijana ulinywea, akawa kama mtu aliyetajiwa maiti.

"Halijambo," alisema kwa sauti ndogo.

Kisha, ili kumaliza mazungumzo, aliinama kumsaidia kujitwika mtungi. Mikono yake ikapita karibu na uso wa Sabaha, na Sabaha akaziona kucha zake. Zilikuwa safi. Kaimu aliyemjua alikuwa na kucha nyeusi kwa grisi, grisi ambayo mwenyewe alishaisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga, ikakataa kutoka. Sabaha alijiambia kwamba mchumba ameoga kwa ajili ya posa. Lakini alipokuwa njiani na mtungi kichwani, maelezo hayo yalizidi kumchoma. Grisi ya miezi haitoki kwa kuoga siku moja.

Nyumbani, mama yake Biasha alikuwa amekwisha kufagia uwanja na kutandika mikeka barazani. Juu ya kinu alikuwa ameweka bakuli jeupe lenye ua jekundu, ambalo halikutumika kwa jambo jingine lolote. Katika ukoo wao binti hasemi siku ya posa. Mjomba akiridhika, anamwita. Binti anatoka na bakuli la maji ya kunawa. Akilitua mbele ya mchumba, amekubali. Akigeuka nalo akarudi ndani, amekataa, na hapo hata mjomba hana la kuongeza. Ila asipoitwa haruhusiwi kutoka, na maji hubaki ndani.

"Mjomba wako ameamka vibaya," Biasha alisema, akijaza bakuli. "Hakugusa hata uji."

"Mama, na wewe unamchukia Kaimu?"

"Nimchukie kwa nini? Mimi nilimpenda baba yako, Mungu amrehemu, kwa sababu ya kupiga mluzi tu. Kila mtu ana ujinga wake." Akafuta ukingo wa bakuli kwa kanga yake. "Lakini baba yako alipoulizwa na wajomba zangu, aliacha mluzi akajibu. Huyu wako akianza tena maneno yale, sitaweza kukusaidia, mwanangu."

Wageni walifika baada ya sala. Mbele alikuja Mzee Seleman, mshenga, mnunuzi wa ufuta pale Ruangwa, mtu mwenye maneno matamu hata anapokupunja. Nyuma yake alikuja Kaimu na suruali yake. Sabaha alisimama nyuma ya mlango wa mianzi na bakuli mikononi. Kupitia kwenye nafasi za mianzi aliona kila kitu.

Salamu zilipokwisha, na Mzee Seleman alipokwisha kueleza kwa mafumbo kwamba amekuja tena kuomba ua katika bustani hii, Mjomba Mbaruku aliinua mkono. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye ndevu chache nyeupe, na nyumbani alizungumza Kimwera.

"Bwana Kaimu," alisema. "Kiswahili changu cha sokoni, si kirefu. Basi tuseme kifupi. Umenielewa?"

"Yesi, mjom... Ndiyo, mjomba."

Nyuma ya mlango Sabaha alifumba macho.

"Kwetu mwanamume anakuja kwa mkewe. Anajenga hapa. Analima shamba la mama mkwe msimu mzima, ndipo tunajua mtoto wetu kapata mtu. Mimi nililima hivyo. Baba yake huyu binti alilima hivyo. Nakuuliza mara ya mwisho. Wewe utakuja?"

Sabaha alijikuta anaomba kimoyomoyo. Sema ndiyo. Au sema hapana, nife mara moja. Lakini sema.

Kaimu alikohoa. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Mimi, mjomba, kwa upande wangu niko olrai... niko tayari. Ila kuna shedyuli ya Kampuni. Wanafikiria kunipa promosheni. Pengine transfa, kwenda Kongwa, au Dar es Salaam. Ni mambo ya progresi."

"Progresi ndiyo nini?"

"Ni kwenda mbele, mjomba."

"Mbele wapi?"

  Mzee Seleman alitazama vidole vyake vya miguu kana kwamba alikuwa anaviona kwa mara ya kwanza.

"Nimekuuliza utakuja," Mjomba Mbaruku alisema polepole, "wewe unaniambia unakwenda."

Akanyoosha mkono akaichukua fimbo yake iliyokuwa imeegemea ukutani.

"Mzee Mbaruku, kijana ana haya," mshenga alisema haraka. "Haya tu. Mpe nafasi."

"Nimempa mbili. Haya za Kizungu mimi sizijui." Alikuwa amekwisha kuinuka nusu. "Mwacha asili ni mtumwa. Sitampa mtumwa mtoto wa dada yangu. Biasha, kesho nitatuma mtu Ruponda."

Ndani, Biasha alimshika Sabaha upindo wa kanga kabla hajasogea, maana mama huijua miguu ya mtoto wake.

"Hujaitwa," alinong'ona.

"Najua, mama."

"Ukitoka bila kuitwa watasema nimekulea bila adabu."

"Mama, ana kucha safi," Sabaha alisema.

Biasha hakuelewa, lakini alimtazama binti yake usoni, na kitu alichokiona kikamfanya aachie kanga.

Sabaha alitoka barazani na bakuli la maji.  Mjomba alibaki ameinama juu ya fimbo, si mtu wa kukaa wala wa kusimama. Mzee Seleman alisema astaghfirullah kwa sauti ya chini. Kaimu aliinua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake hayakukimbia.

"Nisamehe, mjomba," Sabaha alisema. "Nimetoka kabla ya kuitwa. Nina neno moja la kumwuliza mgeni, kisha mnifanye mnavyotaka."

Mjomba hakusema uliza, wala hakusema nyamaza.

"Kaimu," Sabaha alisema, "kucha zako zimekuwa safi tangu lini?"

Alijua anachokifanya. Alikuwa anamvua mtu nguo mbele ya wazee, mtu anayempenda, na kama amekosea, Kaimu asingemsamehe mpaka kufa. Lakini kama hajakosea na akanyamaza, kesho angekuwa mke wa Abdulatifu. Alisubiri. Maji ndani ya bakuli yalitulia, naye akaona ndani yake kipande cha paa na kipande cha mbingu.

Kaimu alivitazama viganja vyake. Kisha akavua kofia ya Kampuni, akaiweka mkekani, mbali kidogo na yeye.

"Tangu kabla ya mfungo," alisema.

"Kwa nini?"

"Sina kazi, Sabaha."

 Kuku alipita barazani, akatazama mkutano, akaenda zake.

"Tulipunguzwa," Kaimu aliendelea, na sasa alikuwa anamwambia mjomba. "Waliniita pale kwenye kibanda cha mafuta. Bwana mkubwa akasema maneno marefu. Mimi nilishika moja hapa na moja pale. Lakini alikuwa ananitazama kwa huruma, mjomba, na huruma ile ilinikera. Nikataka aone kwamba nimeelewa kila kitu. Nikamwambia, olrait, sa. Thenk yu, sa. Kesho yake nikaamka nikaenda kazini kama siku zote. Mwenzangu ndiye aliyenieleza kwamba nimekwisha kuachishwa." Alimeza mate. "Nilimshukuru. Mtu ananiondolea ugali mdomoni, na mimi nasema ahsante."

"Na muda wote huu unakaa wapi?" Mzee Seleman aliuliza, akiwa amesahau kabisa kwamba yeye ni mshenga.

"Nalala kwa mwenzangu huko huko Nachingwea. Nabeba magogo, nachota maji, chochote. Asubuhi navaa kofia ili watu wa nyumbani wanaopita waone niko bizi. Waone nina kazi. Na kila ninapoogopa, haya maneno hutoka yenyewe. Siyaiti."

Mjomba Mbaruku alikuwa amekaa tena bila mwenyewe kujua.

"Kwa hiyo hakuna promosheni," alisema, akilitamka neno lile kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga jiwe lenye utelezi.

"Hakuna."

"Wala hiyo transfa."

"Wala transfa."

"Wala Dar es Salaam."

"Hata Lindi sifiki, mjomba."

"Sasa una nini?"

Kaimu aliinamisha kichwa. Masikio yalimwaka moto kwa aibu, na sauti ilitoka kwa shida kuliko ilivyotoka kwa habari ya kuachishwa kazi.

"Nina jembe," alisema. "La marehemu baba. Nimelitia mpini mpya."

"Liko wapi?"

"Nimelificha kwenye vichaka vya kisimani. Niliona aibu kuingia nalo hapa. Nilisema mtaniona nimekuja mikono mitupu."

Ndipo Mjomba Mbaruku alipoiweka fimbo chini. Ndevu zake zilianza kutikisika, na kwa muda Sabaha hakujua kama mzee anakasirika au anacheka, na labda hata mzee mwenyewe hakujua.

"Wewe mtoto," alisema. "Mimi usingizi umenihama. Kila nikifumba macho namwona huyu binti amepangwa huko kwenye mabati kama madebe ya mafuta, dada yangu kabaki peke yake na shamba. Ndiyo sababu sikutaki. Ni hiyo peke yake. Na wewe muda wote unalo jembe. Umelificha." Alimgeukia Seleman. "Umewahi kuona mchumba anayeficha jembe na kuonyesha kofia?"

"Sijapata," alisema Seleman, na hilo lilikuwa neno la kweli kabisa.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Kalilete."

Kaimu alikimbia, na suruali ile ya pasi haikutengenezwa kwa kukimbia. Aliporudi alikuwa amebeba jembe begani, manyasi yamemnasa mpaka magotini, anahema. Kwa mara ya kwanza tangu aende Nachingwea, alifanana na yule kijana wa sokoni. 

Mjomba alilipokea jembe kwa mikono miwili. Aliugonga mpini kwa kiganja, akaangalia pale unapoingia.

"Umeukaza wewe?"

"Mimi, mjomba."

"Umeukaza vibaya. Lakini hilo linafundishika." Akalilaza jembe mkekani mbele yake, na kila aliyekuwepo alijua maana ya jembe kulazwa pale. Kisha akamtazama mpwa wake, na sauti yake ikalainika. "Basi, binti. Ulitoka bila kuitwa. Sasa nakuita. Tua maji."

Biasha alikuwa amekwisha kusogea mlangoni na kigelegele chake kooni. Mzee Seleman alijikunjua, ametulia kama mtu aliyeuza gunia lote. Kaimu alikaa, akanyoosha mikono kidogo, tayari.

Sabaha hakulitua bakuli.

Mikono ilikuwa imeanza kumuuma kwa kulishika, lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa ndani. Wengine wote walikuwa wamepata walichokitaka. Mjomba amepata mlimaji, mama atabaki na binti yake, mshenga atapata shukrani yake. Yeye peke yake alikuwa bado amesimama pale kisimani asubuhi, anauliza swali na kupewa anda kontroli.

"Nilikuuliza," alisema. "Tulikuwa wawili. Mjomba hakuwepo, fimbo haikuwepo. Mimi uliniogopea nini?"

"Sabaha," mama yake alisema kutoka mlangoni.

"Ngoja, mama. Nataka kusikia."

 Kaimu alikuwa anatafuta neno, na safari hii hakulivuta lile la karibu.

"Niliogopa utanitazama kama bwana mkubwa alivyonitazama," alisema mwisho.

"Tangu lini macho yangu na yake yakawa mamoja?"

"Si mamoja. Ya kwake nilirudi nayo nyumbani nikalala. Ya kwako nisingelala."

Sabaha alilisikia jibu hilo likimwingia, lakini hakutaka limwingie haraka.

"Na neno lile? Uliniambia ni langu peke yangu. Mimi nimelisikia kwa masikio haya ukilipa tingatinga. Unalipapasa ubavu, unaliambia kamoni, dalingi."

Mjomba Mbaruku alijikuna ndevu kwa nguvu, akageuza uso upande wa ukuta. Mabega ya Mzee Seleman yalitikisika. Kaimu hakucheka hata kidogo.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Lilikuwa linazama, Sabaha. Nilikuwa naona litazama na mimi ndani. Nilikwambia, nikiogopa hutoka yenyewe."

"Na kwangu nalo lilitoka kwa woga?"

"Kwako ndiko ulikoanzia woga huo." Aliiangalia ile kofia mkekani, kisha akamtazama yeye. "Nilikuwa nataka kukwambia jambo jingine tangu Ruangwa, tangu siku zile za ufuta. Kila nikifungua mdomo naona ni zito, nikakupa lile jepesi la kuazima. Basi nakwambia leo, mbele ya mjomba, kama ni kosa wanipige. Nakupenda. Sina lingine, na hili sijawahi kulitumia popote."

Watu wazima wale walitazama chini. Si neno linalotamkwa barazani mchana, mbele ya mjomba mtu na jembe lake. Sabaha alihisi machozi, akakataa kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Akageuka na bakuli lake.

Aliwapa kisogo, akaanza kurudi mlangoni, hatua moja, nyingine. Nyuma yake alisikia Mzee Seleman akivuta pumzi, na Mjomba Mbaruku akisema, "Mpwa wangu," kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake.  Aliyesema kwa niaba ya Kaimu ni jembe, kwa sababu mguu wa kijana uligonga mpini alipojaribu kusimama. Biasha alijiziba mdomo kwa kanga.

Kabla ya kufika mlangoni Sabaha alipinda kuelekea uani. Pale kwenye shina la mpapai aliinamisha bakuli, na maji yote yakamwagika kwenye udongo mkavu, ukayanywa.

"Mwanangu, unafanya nini?" Biasha aliuliza, na sauti yake ilikatika.

"Maji yale nilimchotea dereva wa Nachingwea," Sabaha alisema. "Mtu huyo hayupo tena, mama. Huyu mkulima ndiyo kwanza namwona. Asinawe maji ya mtu mwingine."

Akaingia ndani penye mtungi, akachota kwa kata, akamimina, akachota tena mpaka bakuli likajaa karibu na ukingo. Alitoka nalo barazani. Alipiga magoti mbele ya Kaimu akalitua juu ya mkeka kati yao, akaondoa mikono.

Kigelegele cha Biasha kilipasua uwanja mzima, na kikajibiwa kutoka nyumba ya jirani na mtu ambaye hakujua bado ni cha nini. Mjomba Mbaruku alisema alhamdulillahi mara kadhaa kwa haraka, kama mtu aliyetua mzigo mzito na hataki kuonekana alichoka.

Kaimu alilitazama bakuli. Akafungua mdomo.

"Thenk..." alianza.

Akanyamaza. Sabaha alikuwa bado amepiga magoti, anamtazama, anangoja.

"Ahsante, Sabaha," Kaimu alisema.

Kisha akaingiza mikono yake majini, na zile kucha zake safi. Hazingekaa safi muda mrefu, kwa sababu shamba la mama mkwe lilikuwa na visiki, na hapakuwa na tingatinga la kuvibembeleza.